Wenye Alama Sifuri

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi, Mizani ilianza kazi yake ya siku.

Haikuwa na uso wala mikono. Ilikuwa akili unde iliyowekwa katika chumba baridi chini ya Kituo cha Uteuzi, kule mtaa wa Forest, jijini Mbeya. Kila alfajiri ilisoma taarifa za watu milioni mbili wa jiji na kuchagua mia nne kati yao. Ilitumia sekunde kumi na moja. Kisha paa la Kituo lilifunguka, na ndege nyuki mia nne zikapanda ndani ya ukungu wa Juni, zikatawanyika kuelekea Mwanjelwa, Uyole, Iyunga na Iganzo, kila moja imebeba kigamba kimoja.

Kigamba kilikuwa kipande chembamba, chepesi kama gamba la samaki. Aliyechaguliwa alifungua dirisha, akakipulizia pumzi mara tatu, akasubiri dakika kumi. Kikibaki cheupe, ni mzima. Kikigeuka buluu, ana kibano. Hilo ndilo jina watu waliloupa ugonjwa ule uliobana kifua kimyakimya kwa siku kadhaa, halafu ukakaza ghafla kama koleo. Kigamba hakikutumika mara mbili. Mwaka huo wa 2091 dunia nzima ilikuwa ikivigombania, na mgao wa Mbeya ulikuwa mia nne kwa siku, hakuna cha ziada.

Kwa hiyo kila asubuhi ilibidi iamuliwe nani apimwe na nani asubiri, na wakuu wa jiji walikuwa wameuacha uamuzi huo mikononi mwa mashine.

Aliyeifundisha mashine kuamua alikuwa Subilaga Mwangomole, mwanahisabati wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Tukuyu, mwanamke wa maneno machache. Kanuni yake ilikuwa rahisi kueleza. Kila mkazi alivaa bangili ya afya, na bangili zilitambuana. Watu wawili wakikaa karibu kwa zaidi ya dakika tano, bangili zao ziliandika. Aliyekutana na watu sitini kwa siku alipata alama sitini. Aliyekutana na watatu, alama tatu. Kigamba kilimwendea mwenye dalili na alama kubwa, maana ukimgundua mapema muuza mboga mmoja wa Mwanjelwa, umewakinga wateja wake wote pamoja na watoto wao nyumbani. Katika wiki sita maambukizi yalishuka kwa nusu. Wataalamu wa Tabora na Lubumbashi wakaomba kanuni hiyo.

Subilaga alipokea pongezi zao kwenye kioo cha ofisini, akashukuru, akarudi kwake. Alikaa chumba kimoja na jiko, ghorofa ya nne, nyuma ya Kituo. Akapika ugali wa mtu mmoja.

Wiki ya tatu ya Juni, mafundi wa maji walimkuta mama mmoja wa Iganzo amefariki kitandani, siku tano zimeshapita. Keshokutwa yake akakutwa fundi cherehani wa Sisimba. Ijumaa, mkunga mstaafu wa Itiji. Wote watatu walikuwa wamekufa kwa kibano, na wote walikuwa wametuma taarifa za kukohoa kupitia bangili zao. Hakuna ndege nyuki iliyowahi kufika madirishani mwao.

Subilaga alifungua kumbukumbu zao. Kila mmoja, kwenye nafasi ya alama, alikuwa na sifuri.

Aliiamuru Mizani imwonyeshe watu wote wa jiji wenye dalili na alama sifuri. Majina yakateremka kwenye kioo kwa muda mrefu. Walikuwa elfu moja mia moja na kumi na wawili.

Mashine haikuwa imekosea. Mtu anayeishi peke yake hamwambukizi mtu, kwa hiyo Mizani haikuwa na sababu ya kumpelekea kigamba. Na kwa kuwa hakupimwa, bangili yake haikuwaka kijani, rangi ya aliyepimwa akakutwa mzima. Na kwa kuwa haikuwaka kijani, jirani hakuthubutu kubisha hodi kwake. Sifuri ya leo ilizaa sifuri ya kesho.

Katika majina yale, moja lilikuwa na alama nyekundu pembeni: mpigaji msumbufu. Mzee Ambokile Mwasongwe, miaka sabini na nne, fundi mstaafu wa ishara za reli, mkazi wa Iyunga. Alikuwa amepiga simu Kituoni mara ishirini na sita kwa siku tisa. Kila mara alijibiwa na Sauti, mashine ya mapokezi, kwamba ombi lake limepokelewa.

Subilaga hakuwa na mazoea ya kuongea na watu aliowapigia hesabu. Alilitazama lile jina, akaenda kuchemsha chai, akarudi na kikombe, akapiga.

"Nani?"

"Shikamoo, baba. Naitwa Subilaga, napiga kutoka Kituo cha Uteuzi."

"Wewe ni mtu, au ni yule mwingine?"

"Ni mtu, baba."

"Yule mwingine naye alisema yupo kunisaidia. Hebu kohoa nisikie."

Subilaga aliweka kikombe mezani. Akakohoa.

"Marahaba," mzee akasema. "Mashine ingekohoa vizuri zaidi."

Halafu akakohoa yeye, kikohozi cha kweli, kirefu, kikavu, hata Subilaga akausogeza mkono wenye simu mbali na sikio. Mzee alipotulia aliuliza, "Binti wa nani?"

"Mwangomole, wa Tukuyu."

"Tukuyu. Kumbe tunaongea na watu." Alivuta pumzi. "Sasa, binti Mwangomole, nipeni kigamba. Kimoja tu."

Subilaga alimweleza polepole kanuni ilivyo, na vigamba vilivyo vichache. Akaeleza pia kwamba anayekutwa na kibano hupelekewa roboti muuguzi nyumbani, lenye hewa ya oksijeni na dawa, na kwamba hata hayo maroboti hayatoshi. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Roboti sitaki," alisema mwishowe. "Nataka kijani kwenye bangili."

"Kijani cha kwenda wapi, baba?"

Subilaga alisikia kiti kikisogezwa, na mahali fulani nyuma, treni ya sumaku ya Lusaka ikipita kwa mvumo wake mwembamba.

"Kwa dada yangu," mzee alisema. "Tumpe. Yuko Nyumba ya Faraja, Uyole. Moyo umechoka. Wanasema wiki hii, au ijayo. Kule hawaingizi mtu bila jibu jeupe lisilozidi siku mbili."

"Hamwezi kuonana kwenye kioo?"

"Haoni, mwanangu. Simu wanamwekea sikioni, hasikii tena. Muuguzi ameniambia kilichobaki ni mkono. Ukimshika mkono anajua kuna mtu." Akakohoa kidogo. "Mimi sina haraka ya kupona. Nina haraka ya kufika."

Subilaga alikata simu akiwa amemwahidi kwamba atajaribu. Chai ilikuwa imepoa.

Mkuu wa Kituo alikuwa Dakta Hezron Kibiki, mtu mrefu aliyezoea kuinama kidogo anapoongea na mtu. Alimsikiliza Subilaga hadi mwisho, kisha akawasha kioo cha ukutani na kuonyesha orodha ya asubuhi ile.

"Msome huyu wa mwisho. Namba mia nne."

Subilaga akasoma. Alikuwa mama wa Uyole aliyegawa uji katika shule ya awali. Alama zake zilikuwa sitini na tatu. Alikuwa na homa.

"Nimtoe huyu?" Dakta Kibiki aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka jibu.

Subilaga alilisoma tena lile jina.

"Umenifundisha wewe mwenyewe, Subi. Kigamba kimoja kwa mama huyu kinakinga watoto sitini. Kigamba hichohicho kwa mzee wako kinakinga nani?"

"Watatu wamekufa peke yao, Dakta."

"Najua. Nimekwenda kuwaona wote." Alizima kioo. "Mama yangu yuko Njombe, kanuni yetu inatumika kule pia. Alama zake ni mbili, na anakohoa tangu Jumanne. Sijagusa kitu. Nikigusa kwa ajili ya mama yangu, kesho meya atagusa kwa ajili ya shemeji yake, na keshokutwa orodha itakuwa ya wenye majina. Ukimfungulia mmoja, mlango haufungiki tena."

Subilaga alirudi mezani kwake, na siku mbili zilizofuata alipiga hesabu upya, akitafuta namna ya kuingiza katika kanuni kitu ambacho bangili haikuweza kukipima. Kila njia aliyojaribu ilimtoa mtu mwenye alama sitini na kumwingiza mwenye sifuri, na mashine ilimwonyesha papo hapo idadi ya watu ambao wangeambukizwa. Hakuweza kubishana nayo. Ilikuwa ikiongea kwa maneno yake yeye.

Jioni zote mbili alimpigia mzee simu. Hakuwa na habari ya kumpa. Mzee hakulalamika. Alimweleza jinsi taa za reli zilivyofanya kazi zamani, kabla treni hazijaanza kujiendesha: nyekundu, manjano, kijani, na fundi akitembea na begi la vifaa kilomita nane kwa mvua kwa sababu ya balbu moja. Subilaga aliishika simu kwa mikono miwili na kusikiliza.

Jumatatu ilikuwa siku ya wafanyakazi wa Kituo kupimwa. Mwenye kufanya kazi ndani ya jengo lile alipewa kigamba chake kila wiki, ili kazi isisimame. Muuguzi alipita na kisanduku, akawagawia. Wenzake Subilaga walipulizia palepale, wakiongea. Yeye alikiingiza kigamba chake mfukoni mwa koti, kikiwa bado kwenye kifuko. Akaacha ujumbe kwenye kioo cha Dakta Kibiki: *Sijapimwa wiki hii. Kigamba changu nimempelekea mtu. Sitaingia Kituoni mpaka muda wa karantini uishe. Orodha ya leo sijaigusa.*

Akatoka kwa miguu. Hakupanda basi, maana bangili yake ingewaandika abiria wote. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na mlima Loleza haukuonekana kabisa. Alipita Kabwe, akashuka kuelekea Iyunga kwa mwendo wa karibu saa mbili. Maroboti ya kusafisha barabara yalimpisha kwa adabu. Watu waliokuwa madirishani walimtazama kama mtu anavyotazama gari lililokosea njia.

Nyumba ya Mzee Ambokile ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa reli, imebanwa na majengo marefu pande mbili. Subilaga alibisha dirishani. Pazia likavutwa.

Mzee alikuwa amevaa suti. Suti ya kahawia, imepigwa pasi, tai imefungwa, viatu vimeng'arishwa. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Juu ya meza kulikuwa na begi dogo limefungwa zipu.

Jana yake jioni Subilaga alikuwa amemwambia, "Kesho nitakuja." Hakusema zaidi. Mzee alikuwa amejiandaa kwa safari ya Uyole.

"Karibu, mwanangu. Samahani, mlango siufungui."

"Nimekaribia, baba. Hapa panatosha."

Akampa kifuko kupitia nondo za dirisha. Mzee akakifungua kwa vidole vya fundi, bila kutetemeka, akakipulizia kigamba mara tatu kama maelekezo yalivyosema, akakiweka juu ya sahani nyeupe. Akakaa kwenye kiti. Subilaga alibaki amesimama nje, maji yakimtiririka kwenye kofia.

"Dakika kumi," mzee alisema. "Treni ya zamani ilikuwa ikisimama hapa dakika kumi."

"Ndani ya begi kuna nini?"

"Shuka lake. La Kimasai, alilipenda. Aliliacha hapa siku tuliyogombana." Alikitazama kigamba, akayaondoa macho. "Mke wangu alipofariki, Tumpe alikuwa akiniletea chakula kituoni. Miaka miwili. Ndizi na maharage, ndani ya bakuli lenye mfuniko. Watu wa zamu walimjua. Halafu nikastaafu, akaniambia, hamia kwangu, utakufa humo ndani kama panya. Nikamwambia mimi si yatima. Nikamwambia na maneno mengine. Miaka minne hatukusemezana, binti Mwangomole, na kutoka hapa mpaka Uyole ni safari ya nusu saa."

Subilaga aliuliza, "Ni mkubwa kwako?"

"Kwa miaka sita. Alinibeba mgongoni mpaka nikaona aibu."

Dakika zilikuwa zimebaki chache. Subilaga aliona kwanza, kwa sababu alikuwa akitazama sahani na mzee alikuwa akitazama begi: ukingo mmoja wa kigamba ulikuwa umeingia rangi, kama wino uliogusa karatasi iliyolowa. Rangi ikasambaa. Ikawa buluu kabisa.

Mzee aligeuka, akaona. Aliinua sahani, akaisogeza karibu na macho, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni buluu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Si kivuli?"

"Si kivuli."

Bangili yake ikawaka nyekundu mkononi, chini ya pindo la shati lililopigwa pasi. Ya Subilaga, aliyekaa karibu naye zaidi ya dakika tano, ikageuka manjano. Mzee aliirudisha sahani mezani taratibu, akalegeza tai, akaivua, akaikunja.

"Basi," alisema. "Ningemuua na wenzake wodi nzima." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, akaongeza, "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Sasa sogea mbali na dirisha."

Kibano kinapogunduliwa, Kituo hakihitaji kuambiwa. Baada ya dakika arobaini roboti muuguzi lilifika, refu, jeupe, likitembea kwa magurudumu yasiyo na sauti, na mtungi wa oksijeni mgongoni. Subilaga alilitazama kutoka ng'ambo ya barabara likiingia na mlango ukijifunga nyuma yake. Kisha akatembea kurudi kwake peke yake, saa mbili nyingine, na mlango wake nao ukafungwa kwa siku kumi na nne.

Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alifanya usafi. Siku ya tatu aligundua kwamba tangu asubuhi hajatamka neno, akasema "haya" kwa sauti, na neno lilimshtua. Kabla ya hapo bangili yake ilikuwa na alama thelathini na moja. Aliziangalia sasa na kuona kwamba zote thelathini na moja zilikuwa za watu wa kazini. Kwenye kioo kidogo cha bangili palikuwa na 0. Chakula kililetwa na roboti, kikaachwa mlangoni. Wenzake walituma ujumbe wa pole siku ya kwanza, mmoja akatuma siku ya pili.

Alhamisi muuguzi wa Nyumba ya Faraja alimpigia, maana mzee alikuwa ametoa jina lake kama mtu wa kuarifiwa. Bibi Tumpe alikuwa amefariki saa nane mchana.

"Kulikuwa na mtu?" Subilaga aliuliza.

"Nilikuwepo mimi," muuguzi alisema. "Nilimshika mkono. Nilikuwa nimevaa glavu, sijui kama alitambua."

Mzee Ambokile hakupokea simu siku hiyo. Wala siku iliyofuata. Subilaga angeweza kusoma taarifa za roboti muuguzi kutoka kwenye kioo chake, na akazisoma: homa imepanda, oksijeni imeongezwa, mgonjwa hali chakula, mgonjwa ameomba roboti litoke chumbani, ombi limekataliwa. Jumamosi kibano kilikaza. Taarifa zilikuja kila baada ya dakika mbili kwa saa sita mfululizo. Kisha zikapungua, zikawa kila saa, na Jumatatu roboti likaandika: mgonjwa ametoka hatarini.

Bila kigamba kile, mafundi wa maji wangemkuta amekufa. Subilaga alilijua hilo na alifurahi, akampigia simu, na safari hii simu ikapokelewa.

"Baba, shikamoo. Nimeona umepata nafuu."

Pumzi ya mzee ilikuwa nzito. "Marahaba."

"Pole sana na msiba."

"Nimezika kwa kioo," alisema. "Picha ilikuwa inakatika. Waliokuwepo ni maroboti mawili na mchungaji mmoja." Mtungi wa oksijeni ulisikika ukipuliza. "Nilikuombeni saa moja na dada yangu, binti Mwangomole. Mmenipa miaka. Niifanyie nini?"

Subilaga alikuwa amekaa kitandani. Alilitazama jiko, sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja kikikauka.

"Sijui, baba."

"Hujui."

"Sijui."

"Na wewe," mzee aliuliza, sasa kwa sauti iliyoshuka, "huko ulikofungiwa, kuna mtu anayejua kama u mzima?"

Alifikiria mama yake, aliyezikwa Tukuyu. Alifikiria wenzake thelathini na mmoja. Alitaka kusema ndiyo.

"Wewe," alisema.

Mzee alikohoa kidogo, akaaga, akakata.

Siku ya kumi na tano mlango ulifunguka. Subilaga aliingia katika ofisi ya Dakta Kibiki na ukurasa mmoja mkononi. Daktari alikuwa amekonda. Mama yake wa Njombe alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Hakumwambia Subilaga; yeye alizisikia habari hizo kwa mlinzi.

"Nataka vigamba ishirini kila siku," Subilaga alisema. "Kwa wenye dalili na alama sifuri. Wachaguliwe kwa kura, mashine isiwapime uzito. Jina la mtu yeyote lisiguswe na mtu yeyote, mimi wala wewe."

"Hesabu yake iko wapi?"

"Hakuna. Nimeitafuta, haipo. Tutakinga watu wachache kuliko sasa."

Dakta Kibiki aliusoma ukurasa ule mara mbili. Nje, mafundi walikuwa wakifuta ukungu kwenye mbawa za ndege nyuki.

"Nane," alisema. "Na kila ukiingiza wanane, kuna wanane wengine wanatoka. Wana majina."

"Mizani inayo hayo majina. Nitayasoma kila asubuhi."

"Kanuni hutaigusa tena, Subi. Uliondoka na kigamba cha Kituo mfukoni. Sina namna."

"Najua. Naomba nikae mapokezi, nipokee simu."

"Simu zinapokelewa na Sauti."

"Ndiyo maana."

Daktari alimtazama, akainama juu ya meza, akaweka sahihi.

Kesho yake Mizani ilichagua mia tatu tisini na wawili kwa uzito, na wanane kwa kura. Subilaga aliyasoma majina ya wanane walioachwa. Wa pili kutoka mwisho alikuwa kinyozi wa mtaa wa Soweto mwenye watoto watano. Alilisoma jina lake tena, taratibu, mpaka likakaa kichwani. Kisha akavaa vifaa vya masikioni, na hadi saa saba mchana alikuwa ameongea na watu thelathini na wanne. Karibu wote walimuuliza kama ni mtu.

Zamu ilipoisha alitembea hadi Iyunga. Jua lilikuwa limetoka, jua dogo la baridi. Mzee Ambokile alikuwa uani mbele ya nyumba, amejifunika shuka la Kimasai, akiutazama mlingoti mmoja wa ishara uliobaki kando ya reli bila taa. Bangili yake ilikuwa ya kijani, kama ya kila aliyepona. Hakuonekana kushangaa, wala hakutabasamu.

"Nimekuja kukusalimu, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Aliutazama mkono wake. "Yako haina rangi."

"Wameniondoa kwenye mgao wa wafanyakazi. Nasubiri zamu kama watu wengine."

Mzee alitafakari jambo hilo. Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka akiburuta kiti kingine. Akakiweka upande wa pili wa ua, hatua nne kutoka chake, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa mbali kidogo," alisema. "Lakini kaa."